Ndoa za Njia ya Msafara na Uraia wa Nchi Moja

Sheria ya Uraia ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1995, inasema mambo mawili yanayoingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi. La kwanza, Mtanzania aliyefikia utu uzima hawezi kuwa raia wa nchi nyingine kwa wakati huohuo. Akiuchukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, wa Tanzania unakoma. La pili, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Yeye hupanga foleni ya tajnisi pamoja na wageni wengine wote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7 ndani ya miaka 10. Na yeyote kati yao, mke au mume, akikubaliwa, sharti aukane uraia aliozaliwa nao. Hoja yangu ni kwamba masharti haya, yanayosomwa leo kana kwamba ndiyo desturi ya siku zote, ni machanga sana katika historia ya nchi hii. Hakuna pahali panapolionyesha jambo hilo vizuri kuliko Tabora, na ndani ya Tabora, mitaa mikongwe kama Kanyenye, ambayo ilikua kwa sababu watu wa kwao waliwaozesha watu wa mbali. Historia hiyo haitupi ruhusa ya kufungua milango yote. Inatufundisha kitu gani hasa kilindwe, na kitu hicho si idadi ya pasipoti mfukoni mwa mtu.

Tuanze na mji wenyewe. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir wa kabila la Harthi. Kabla yao alikuwapo Musa Mzuri, Mhindi aliyeanza biashara ya bara miongo kadhaa nyuma. Walikuwapo Waarabu wa Oman na Zanzibar, waungwana wa Mrima, Wamanyema walioletwa au waliokuja kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Wanyamwezi wenyewe, ambao ndio waliobeba pembe na nguo mabegani kati ya maziwa na pwani. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kijitabu cha kuonyesha mpakani. Misafara ilitembea na bendera nyekundu ya Sultani na barua yake ya kuwatambulisha wenye mali, na pale ambapo barua haikusomwa, hongo, yaani ada ya kupita, ilisema. Wapagazi walizijua Kanyenye mbili katika njia hiyo. Moja ni huu mtaa wa Tabora. Nyingine ilikuwa Ugogo, nchi ya mtemi Magomba, ambapo hakuna msafara uliopita bila kusimama. Kambi ikishapigwa, wajumbe walikwenda kwa mtemi, nguo zikakunjuliwa mbele ya wazee wake, merikani upande huu na kaniki upande ule, zikahesabiwa doti kwa doti, zikakataliwa, zikaongezwa, na shughuli hiyo iliweza kula siku nzima au zaidi kabla njia haijatangazwa kuwa wazi. Mtemi hakuuliza mpitaji ni raia wa nani. Aliuliza anatoa nini kwa haki ya kupita, kunywa maji ya visima vyake na kununua mtama wa watu wake.

Aliyetaka kukaa badala ya kupita alihitaji zaidi ya nguo. Alihitaji jamaa. Ndiyo maana ndoa ilikuwa msingi wa Tabora kama vile biashara ilivyokuwa. Muhammed bin Juma el Murjebi, baba yake mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na ndoa hiyo ilimweka karibu na kiti cha nchi bila kumtoa katika ukoo wake wala katika utii wake kwa Sultani wa Zanzibar. Alikuwa mtu wa pwani na mkwe wa Unyanyembe, vyote viwili, na hakuna aliyemtaka achague kimoja. Wanyamwezi nao walikuwa na sheria yao makini kuhusu watoto. Mahari ikilipwa, watoto ni wa upande wa baba. Isipolipwa, ni wa upande wa mama, mpaka baba atakapowakomboa kwa malipo. Sheria hiyo haikumwacha mtoto bila kwao hata siku moja, na iliruhusu hali yake ibadilike wazazi wakitimiza wajibu wao. Sheria ya Kiislamu, iliyoletwa na wakazi wapya, ilimfuatisha mtoto kwa baba yake hata pale mama alipokuwa suria. Hapa sharti tuseme ukweli: ndoa nyingi za mji huo hazikuwa za hiari, na wanawake wengi walifika Tabora kwa minyororo. Simsifu mtu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba taratibu zote mbili, ile ya mahari na ile ya kadhi, ziliichukua ndoa kuwa kitu kinachomwongezea mtu pa kuegemea. Hazikumlazimisha akane alikotoka.

Msomaji mwenye kuijua historia ya Unyanyembe atanipinga hapohapo, na pingamizi lake ni zito. Atasema: hao wakwe wa pwani ndio waliompindua mtemi. Ni kweli. Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, kiti kilichukuliwa na Mnywasele. Huyu aliwatoza Waarabu kodi ya bidhaa zao. Wao wakakataa kwa hoja kwamba walikuwa na msamaha tangu zamani za Fundikira. Ugomvi ukageuka vita, Mnywasele akafukuzwa, na Mkasiwa akakalishwa mahali pake kwa nguvu za bunduki za wafanyabiashara. Mnywasele alihangaika porini miaka kadhaa akizishambulia njia za misafara, hadi alipokamatwa na kuuawa mwaka 1865. Mtu anaweza kuisoma habari hii kama onyo dhidi ya kila mwenye nchi mbili: ukimkaribisha kwa ndoa, kesho atachagua mtawala wako. Lakini tuitazame sababu ya vita. Mnywasele hakuwaambia Waarabu wauache ukoo wao wala bendera yao. Aliwataka walipe kama wakazi wengine wa nchi aliyoitawala. Waliopigana naye walitaka faida za ukwe, yaani usalama, mashamba na soko, bila mzigo wake. Kosa lilianza kwa Fundikira, aliyewapa msamaha wa kodi, si kwa wazee walioridhia ndoa. Funzo la vita vile ni kwamba mgeni aliyeungwa na nchi kwa ndoa awe chini ya sheria ileile, kodi ileile na baraza lilelile kama mwenyeji. Akiwa hivyo, kuwa na kwao kwingine hakuidhuru nchi. Asipokuwa hivyo, hata kama hana kwao kwingine kokote, ni hatari.

Fikra kwamba mtu ana taifa moja tu, na kwamba ndoa humhamisha mwanamke kutoka taifa moja hadi jingine kama mzigo unaobadilisha mbebaji, haikutoka Unyamwezi wala Oman. Ilitoka Ulaya. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 iliandika kwamba mke hufuata hali ya mumewe. Uingereza ikaiweka kanuni hiyo katika sheria yake ya 1870, na Ujerumani mwaka huohuo. Wajerumani walipoitwaa nchi hii, baada ya mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa na kufa katika ngome yake Januari 1893, kanuni hiyo iliwaletea taabu ambayo hawakuitegemea. Kwa sheria yao, Mjerumani aliyemwoa Mnyamwezi kwa ndoa ya serikali alikuwa amemfanya mkewe Mjerumani, na watoto wao pia. Badala ya kuukubali uamuzi wa sheria yao wenyewe, walizuia ndoa: mwaka 1905 katika koloni lao la Kusini Magharibi mwa Afrika, na mwaka 1906 katika Afrika Mashariki. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mji uliokuwa umezoea ndoa za watu wa mbali ulikuwa chini ya serikali iliyokataa kuziandika. Waingereza waliofuata, baada ya Wabelgiji kuuteka mji Septemba 1916, hawakukataza ndoa hizo, lakini waliwaweka wenyeji katika hali ya katikati. Baraza la Umoja wa Mataifa wa zamani liliamua mwaka 1923 kwamba wenyeji wa nchi za udhamini si raia wa nchi inayowasimamia. Kwa hiyo mtu wa Kanyenye alikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza bila kuwa raia wake. Na huko Uingereza kwenyewe mwanamke aliyeolewa na mgeni aliendelea kupoteza uraia wake. Sheria ya 1933 iliwaokoa wale tu ambao wangebaki bila nchi, na kanuni yenyewe haikuondolewa mpaka sheria ya 1948.

Uhuru ulipokaribia, Tabora ndipo swali la nani ni mwenzetu lilipojibiwa kwa ujasiri. Mkutano Mkuu wa TANU uliofanyika hapo Januari 1958 ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi waliuchukia utaratibu huo, na Zuberi Mtemvu akatoka chamani akaanzisha chama chake cha Waafrika peke yao. Historia imeuita uamuzi ule Uamuzi wa Busara, na busara yake ilikuwa kuamini kwamba haki ya mtu katika nchi haitokani na rangi yake. Mjadala ukarudi kwa jina jingine Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipofika Bungeni. Wapo wabunge, miongoni mwao Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, waliotaka uraia uanzie kwa Waafrika. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha Tabora, alipinga kwa ukali, akisema kuwa kuupima uraia kwa rangi ya ngozi ni kushika njia ya Hitler. Serikali ilishinda. Katika baraza lake la mawaziri alikuwamo Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, wa ukoo uleule uliokuwa umewaozesha wageni miaka 100 nyuma. Ni lazima tuikumbuke heshima ya sheria ile kabla ya kuikosoa. Kwa waasisi, uraia mmoja ulikuwa usawa: Mwafrika, Mhindi, Mwarabu na Mzungu wote wangeshika karatasi moja, na asiwepo mwenye karatasi ya akiba inayomfanya awe raia wa msimu.

Ila sheria hiyo ilibeba ndani yake ile kanuni ya Ulaya bila kuihoji. Mke wa raia alipewa haki ya kuandikishwa. Mume wa raia hakupewa. Na watu waliokuwa na uraia zaidi ya mmoja walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1963, wachague. Kwa familia za wafanyabiashara wa Kihindi zilizotapakaa kwenye vituo vya reli, muda huo ulikuwa wa wasiwasi mkubwa, na jibu la wengi lilikuwa kugawana karatasi: kaka achukue ya Tanganyika, mdogo wake abaki na ya Uingereza, mke aendelee na ya India. Walilaumiwa kwa hilo, na lawama ilikuwa na sababu. Lakini yaliyotokea nchi jirani yalionyesha kwamba mwenye kuogopa kubaki na karatasi moja hakuwa akiota ndoto za mchana. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, maelfu waliojiona raia wa Uganda waliambiwa si raia, wengine kwa sababu karatasi ya kuukana uraia wa Uingereza iliwasilishwa nje ya muda. Wakawa hawana nchi kabisa. Wake waliokuwa na pasipoti za Uingereza walipokewa huko, ila waume zao wasio na nchi walizuiwa, kwa kuwa sheria ilimruhusu mke amfuate mume na si mume amfuate mke. Waume hao walikaa kambini katika nchi nyingine za Ulaya, familia zikiwa zimekatwa vipande viwili, mpaka mwaka 1974 waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Roy Jenkins, alipowaruhusu wajiunge na wake zao. Mtu akitaka kuona kanuni ya mke kumfuata mume inafanya nini ikiachwa iende hadi mwisho wake, na aitazame miaka ile miwili.

Tabora ina kisa chake kingine, kinachoendelea. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya Oman warudi, familia nyingi za Waarabu wa visiwani na wa bara zilihamia Muscat na miji mingine ya huko. Hawakukata mguu. Harusi ziliendelea kuunganisha pande mbili, na Kiswahili kikabaki lugha ya majiko na mabaraza mengi ya Muscat. Lakini Oman nayo, kama Tanzania, haitaki uraia wa nchi mbili bila idhini ya Sultani, na kuanzia 1993 hadi 2023 Mwomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji kibali cha serikali kwanza. Mchukulie mwanamke wa Kanyenye aliyeolewa Muscat. Akibaki na pasipoti ya Tanzania, anaishi kwa viza inayotegemea udhamini wa mumewe, na siku ndoa ikivunjika ukaazi wake unatikisika. Akichukua uraia wa Oman, anakuwa mgeni Tabora: atahitaji viza kuja kumzika mama yake, na haki yake katika ardhi ya familia inaingia mashakani. Mtoto wao ni Mwomani kwa baba na Mtanzania kwa mama, lakini akitimiza miaka 18 Tanzania inamtaka aukane uraia mmoja. Sheria ya mahari ya Wanyamwezi, pamoja na ukali wake, haikumpa mtoto amri kama hiyo.

Mkoa huohuo wa Tabora una ushahidi mwingine, safari hii wa ukarimu. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Ulyankulu, pamoja na Katumba na Mishamo, wakafyeka misitu na kulima tumbaku na mahindi. Baada ya miongo minne, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati yao, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Ni mojawapo ya matendo makubwa ya aina hiyo duniani, na Watanzania wana haki ya kujivunia. Hata hivyo masharti yalikuwa yaleyale: kila mmoja aukane uraia wa Burundi. Kwa wengi halikuwa jambo gumu, kwa kuwa hawakuwa na kwao kwingine kwa vitendo. Kwa nyumba ambazo mume alipata cheti na mke aliyetoka Burundi baadaye hakupata, au kinyume chake, mstari ule ulipita katikati ya chumba cha kulala. Wepesi wa kuchora mstari kama huo tumeuona pia katika shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, jijini Arusha, Machi 2018. Mwanamume mmoja alikwenda polisi Babati mwaka 2012 kukamilisha taratibu za ndoa yake. Wakautilia shaka uraia wake, wakaizuia pasipoti yake, na miaka miwili baadaye akafukuzwa nchini. Kenya nayo ikamkataa, akabaki mpakani asiyetakiwa na upande wowote. Mahakama ilisema Tanzania ilimnyang'anya uraia wake kiholela. Ndoa ndiyo iliyomfikisha kaunta, na kaunta ikamgeuza mtu asiye na nchi.

Sasa tuyakabili mapingamizi mengine, maana yapo na yanatoka kwa watu wanaoipenda nchi. La kwanza ni utii: mtu hawezi kutumikia mabwana wawili. Lakini raia si mtumwa wa bwana. Kuna nafasi chache ambazo utii wake hauwezi kugawanyika, na hizo zinaweza kutajwa kwa majina. Kenya ilifanya hivyo. Katiba yake ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, ikampa mwenzi wa raia, awe mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, halafu katika ibara ya 78 ikawazuia maofisa wa dola na wanajeshi kuwa na uraia wa nchi nyingine. Uganda ilibadili katiba yake mwaka 2005 na kuweka utaratibu wake kwa sheria ya 2009. Botswana ilisukumwa na mahakama: Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, alishinda mwaka 1992 kwa kusema kwamba watoto wake wana haki ya kurithi uraia wa mama yao kama wanavyourithi wa baba. Na Thailand, nchi iliyo mbali nasi kwa kila kitu, inamwachia mwanamke wake aliyeolewa na mgeni na kupata uraia wa mumewe aamue mwenyewe kama atauacha wa kwao. Majirani zetu hawajaporomoka kwa sababu ya sheria hizi.

Pingamizi la pili ni ardhi na matajiri: uraia pacha utakuwa mlango wa wenye fedha, ambao watanunua huku na kukimbilia kule. Hofu hii inatokana na maisha halisi, hasa kwa wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya uhuru. Lakini ardhi ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachopewa mtu ni haki ya kuitumia kwa masharti, na masharti hayo yanaweza kumfunga mwenye pasipoti mbili kama yanavyomfunga mwenye moja. Tajiri anayetaka kukimbiza fedha hahitaji uraia wa pili. Benki za nje hazimuulizi. Anayeumizwa na sheria ya sasa ni muuguzi, dereva, mwalimu, mke wa fundi Muscat, mume mgeni wa mwanamke mwenye duka Tabora ambaye amezaa naye watoto wanne na bado anahesabiwa miezi. Tatu, wapo wanaosema hadhi maalumu yatosha. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilikuwa na wazo hilo, na mwaka 2024 serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kuwapa hadhi hiyo watu wa asili ya Tanzania walioko nje. Ni hatua ya maana kwa mtu anayetaka kuja na kuondoka, kurithi na kuwekeza. Lakini hadhi haimpi mtu kura, na kilichotolewa kama upendeleo huondolewa kirahisi kuliko haki. Tena mantiki yake ni ya asili na damu. Swali la mwenzi wa ndoa si la asili. Ni la maisha aliyoyajenga hapa, na hilo hadhi ya asili haiwezi kulijibu. La nne ni ndoa za karatasi, zinazofungwa kwa ajili ya pasipoti tu. Zipo, na dawa yake ni muda, mahojiano na adhabu kwa wanaodanganya. Kumfungia mume mgeni mlango na kumfungulia mke mgeni hakuzuii udanganyifu. Kunadhania tu kwamba udanganyifu una jinsia.

Kwa hiyo ninaloliomba ni mambo matatu, na kila moja lina mizizi katika njia ya msafara. Kwanza, mume na mke wa raia wawe na haki sawa mbele ya sheria ya uraia. Tanzania iliridhia mwaka 1985 mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inadai usawa huo. Na kumnyima mwanamke Mtanzania uwezo wa kumleta mumewe ni kusema uraia wake ni nusu. Pili, mtoto aliyezaliwa na wazazi wa nchi mbili asilazimishwe kumkana mmoja wao siku anapotimiza miaka 18, na mwenzi anayeingia au anayetoka kwa ndoa asilazimishwe kukana alikozaliwa. Tatu, na hapa Mnywasele alikuwa na haki dhidi ya wakwe wa pwani, anayepata uraia kwa ndoa abebe mizigo yote ya raia bila msamaha: kodi, sheria, na kufungiwa nafasi zile chache za dola ambazo haziwezi kugawanywa. Waasisi waliuandika uraia mmoja ili kuwaweka watu wa rangi zote kwenye mizani moja, na lengo hilo linastahili kulindwa. Tutakalolilinda ni usawa wa wajibu. Kanuni ya kumvua mtu kwao kwa sababu ameoa au ameolewa ilikuja na meli kutoka Ulaya, ikaachwa na Ulaya yenyewe, na haina sababu ya kuendelea kuwatenganisha watu wa mji ambao usingekuwapo bila ndoa za wageni.